Hibari, Ndege ya Mume Wangu

Jumanne, 5 Juni

Leo wamepitisha bawa jikoni kwangu. Mlango wa ghala ni mwembamba, na bwana aliyepima kila kijiti cha ndege ya Kiingereza hakukumbuka kuupima mlango wa ghala anamoundia ndege yake. Basi bawa likapita ukumbini, likapita juu ya masufuria, likamgonga kichwani Oshige, mtumishi wetu mzee, likatokea uani. Oshige akaliinamia kuliomba radhi. Mimi sikuliinamia.

Niandike tangu mwanzo, maana baada ya miaka nitakuwa siamini. Nyumba hii ya Ochi inapika sake, pombe ya mchele, hapa Saijo tangu siku za babu wa babu yangu. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Alinipata mimi, Kikue. Akanitafutia mume wa kuhamia kwetu na kuchukua jina letu, akamchagua Teijiro, mtoto wa tatu wa mwalimu mmoja wa Matsuyama, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri. Na kweli, sijaona mtu anayejua kunakili kama mume wangu. Baba alipokufa, Teijiro alingoja matanga yaishe, akaenda Kobe, akarudi na ndege kuukuu ya Kiingereza: mabawa ya ghorofa mbili, kibanda cha abiria mbele, na nyuma yake, nje kwenye upepo, kiti cha rubani. Ilikwisha anguka mara moja huko Shanghai ikashonwashonwa. Wapishi wetu wa sake huja majira ya baridi tu. Kiangazi ghala liko tupu. Akaifumua ndege juu ya sakafu ya baba yangu, akaajiri maseremala, na tangu wakati wa maua wanaunda nyingine iwe pacha wake.

Bawa la chini kushoto la ile ya Kiingereza lina kiraka cha mbao pale lilipotoboka. Bawa lililopita jikoni leo lina kiraka vilevile, palepale, na halijatoboka popote.

"Hiki cha nini?" nikamuuliza.

"Cha kuimarisha," akasema. "Waingereza hawaweki kitu bila sababu."

Anataka kuwavusha watu bahari mpaka Hiroshima. Mashua inakwenda Hiroshima kila asubuhi, na haijapita jikoni kwa mtu.

Alhamisi, 7 Juni

Rubani amewasili. Anaitwa Nagami Torao, ana shingo ya ng'ombe na kofia ya ngozi asiyoivua hata mezani. Kabla hajavua viatu alisema, "Bi mkubwa, nimesikia sake ya nyumba hii inafufua wafu." Nikamwambia hajafa. Akacheka peke yake. Usiku wa kuamkia leo, anasema, alilala njia nzima ndani ya treni akiota ameoa binti wa mfalme wa Siam. Amekunywa kama mtu anayezima moto. Mume wangu alimtazama kwa mapenzi, kama vile yeye pia ameagizwa kutoka Uingereza.

Jumatatu, 11 Juni

Mvua imeanza. Mkeka wa chumba cha mbele umeshaota ukungu.

Jumanne, 12 Juni

Mvua. Tumetia chumvi matunda ya ume, yale madogo machachu, mitungi sita. Ndege iko chini ya turubai uwanjani, kwenye ukingo wa mto Kamo. Mume wangu amekwenda kuitazama mara nyingi kuliko mama mwenye mtoto mwenye surua.

Alhamisi, 14 Juni

Jua. Imeruka.

Nilikwenda kwa ajili ya binti yetu Yasuyo, ambaye ana miaka kumi na minane na hajui aibu ni nini, alikuwa anarukaruka uwanjani kama mtoto. Nagami alipanda peke yake. Hibari (ndilo jina waliloipa, jina la kipozamataza, ndege anayeimba akipanda juu) ilikimbia kwenye nyasi ikayumba, ikapanda, ikauzunguka mji mara mbili, ikashuka. Maseremala wakapiga kelele za shangwe. Mume wangu alikuwa analia waziwazi, makamasi na yote.

Nagami alishuka, hakucheka. Akamvuta mume wangu pembeni, pembeni yenyewe ikawa karibu na mwavuli wangu.

"Bosi, inavuta kushoto."

"Inavuta kidogo."

"Si kidogo. Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi kwa kuizuia. Ile nguzo ya nje inayoshika mabawa mawili upande wa kushoto ni fupi. Bawa limepinda kuifuata, na waya za upande ule zimekazwa mpaka zinalia."

"Umeipima?"

"Nimeirusha."

"Sikiliza, Nagami. Hata ile ya Kiingereza nguzo yake ya kushoto ni fupi. Ndivyo walivyoiunda."

"Bosi! Ile ilianguka Shanghai! Fundi wa kule alikata mti aliokuwa nao, basi."

"Unajuaje kama si makusudi? Mimi ni nani hata niwasahihishe Waingereza?"

Nagami akatema mate kwenye nyasi, akaomba kinywaji. Nikasema moyoni: mmoja mpumbavu, mwingine mlevi, na mimi ndiye ninayewapikia wote wawili.

Ijumaa, 15 Juni

Mvua.

Jumapili, 17 Juni

Wageni wa chakula cha mchana: meya, ambaye akikaa anachukua nafasi ya watu wawili, na Bwana Sogabe, mwenyekiti wa benki, mwembamba kama kijiti cha kulia wali. Tuliwapa samaki wa changu mzima mzima. Mume wangu akasimama, akahutubia: Hibari ni ndege ya Kijapani kabisa, imezaliwa na akili ya Kijapani, mti wa Kijapani, mikono ya Kijapani, siku zimepita za kuwapigia magoti wageni. Meya akapiga makofi huku anatafuna.

Walipoondoka nikamuuliza, "Na ile nguzo fupi, nayo ni akili ya Kijapani?"

"Kikue, wewe mambo ya ufundi yaache."

"Nimeyaacha. Yamekuja jikoni kwangu yenyewe."

Akaisafisha miwani yake. Akibanwa ndivyo afanyavyo. Ana miwani safi kuliko mtu yeyote katika mkoa huu.

Jumanne, 19 Juni

Mvua. Nagami alikuja jikoni kuomba ume za mwaka jana. Alizila akisimama, mbegu anazitema kiganjani.

"Mumeo ameniambia nichukue abiria mwisho wa mwezi," akasema. "Nimekataa. Nimemwambia akate nguzo mpya. Kazi ya siku chache tu, pamoja na kukaza waya upya."

"Kwa hiyo unaogopa."

"Naogopa, Bi mkubwa."

Mwanamume mwenye shingo ile, anasema anaogopa huku akinitazama usoni, wala hata haya hana. Nilifikiri: huyu anatafuta kupandishiwa mshahara, au chupa nyingine. Nikaufunga mtungi wa ume mbele yake.

Ijumaa, 22 Juni

Leo nimesikia, tena si kwake, nimesikia kwa mke wa mchapishaji aliyeleta kadi za mwaliko. Alhamisi ijayo, Hibari itawabeba abiria wake wa kwanza: meya, Bwana Sogabe, kijana wa Bwana Sogabe aliyerudi masomoni Osaka, na Yasuyo binti yetu akiwa na shada la maua. Ndege ya abiria na uchumba, vyote kwa safari moja. Ametuwekea hesabu vizuri.

Yasuyo anajua. Ameshajaribu kimono tatu mbele ya kioo.

"Mama, ni dakika kumi tu angani!"

"Baba yako amekwisha panda?"

"Baba? Hapana. Baba anasema kiti kimoja cha abiria kina thamani, hawezi kukipoteza yeye."

Jumapili, 24 Juni

Mvua imepungua asubuhi nikaenda uwanjani na Oshige kunishikia mwavuli. Nilikuwa na ukanda wa kimono mkononi. Nikapima nguzo ya kulia, nikafunga fundo. Nikapima ya kushoto. Ni fupi kwa upana wa kidole gumba. Nikagusa waya: za kulia ni kama kamba za kuanikia nguo, za kushoto ni kama nyuzi za shamiseni, lile gambusi letu, zilizokazwa na mpiga muziki mwenye hasira. Nikarudi ghalani nikaipima ile ya Kiingereza. Kidole gumba kilekile.

Jioni nilimwambia nimepima. Nilimwambia bila kejeli, jambo ambalo limenichosha.

"Teijiro, ikate nguzo upya. Ahirisha."

"Kadi zimekwisha tumwa."

"Zitumwe nyingine."

"Nimwambie Sogabe nini? Kwamba nilikosea?"

"Mwambie mvua."

"Nagami ameirusha mara nne na imeruka mara nne."

"Akiwa peke yake. Umemwona meya?"

Akavua miwani akaanza kuifuta. Nikatoka, maana ningeivunja.

Jumatatu, 25 Juni

Mvua. Niliomba inyeshe mpaka vuli.

Jumatano, 27 Juni

Jua kali. Hata mbingu haina msimamo.

Jumamosi, 30 Juni

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa kifuani. Mtulinga umevunjika. Daktari amesema nisikae kitako, kwa hiyo nimekaa.

Alhamisi asubuhi mji mzima ulikuwa ukingoni mwa mto. Waliweka pazia jeupe na jekundu, kuhani akapunga tawi juu ya injini, na sake yetu ikazungushwa kwa baraka. Kila mtu alikunywa vikombe viwili: meya, Sogabe, mume wangu, maseremala. Mume wangu mwenyewe alimjazia Nagami, kwa mikono miwili, na picha ikapigwa.

Kisha Nagami akasema, kwa sauti ya kusikika, "Bosi, nitairusha tupu. Watu waone, washangilie. Abiria hapana."

"Usiniaibishe," mume wangu akasema huku anatabasamu kwa meno tu.

"Abiria hapana."

Meya alikuwa tayari ameinua mguu kwenye kingazi. Yasuyo yuko nyuma yake na maua, anameta. Nilimwona mwanangu, nikaona ule mguu mnene wa meya, na sijui nilivukaje lile pazia. Nikampita meya, nikaingia kibandani, nikaketi kiti cha katikati, nikafunga mlango mdogo kwa ndani.

Mume wangu akaja dirishani.

"Kikue. Toka."

"Sitoki."

"Wageni wanangoja."

"Wangoje. Ndege njema inaanza na mke wa mwenye ndege. Au kuna kasoro?"

"Mama, unafanya nini!" Yasuyo akasema, na akaanza kulia kwa haya. Alilia kweli. Mbele ya kijana wa Sogabe. Nitakumbuka sauti ile.

"Mama Yasuyo," mume wangu akanong'ona, "nakuomba."

"Mbele ya hadhara hii, mwambie fundi akate nguzo mpya. Nitatoka sasa hivi."

Bwana Sogabe akauliza nguzo gani. Hapo mume wangu akageuka mwekundu, tangu shingo mpaka utosi, akapaza sauti: rubani wetu kalewa, ni mwoga, basi mwenye ndege ataiendesha mwenyewe! Alikwenda Osaka mwaka jana akafundishwa wiki chache, na alichojifunza ni kuendesha ndege juu ya nyasi. Akapanda nyuma, koti la mkia na yote. Nilisikia viatu vyake vikigonga mbao juu ya kichwa changu.

Nakiri sikufikiri atapanda. Miaka ishirini nimemjua mume huyu na hajawahi kupanda hata ngazi ya kufuta vumbi. Ningeweza kutoka. Lakini kiti changu kingebaki wazi, na Yasuyo yuko pale amesimama.

Kisha nikasikia purukushani. Nagami alimshika mkia wa koti akamvuta chini kama gunia, akapanda yeye. Kuna kidirisha kidogo kati ya kibanda na rubani. Kikafunguka, uso wake ukajaa humo.

"Bi mkubwa, utashuka?"

"Sishuki."

"Binti atapanda ukishuka?"

"Ndiyo."

"Haya. Funga mkanda. Tutazunguka juu ya mto mara moja tu, turudi, tuwafunge midomo. Wewe ni mwepesi kuliko meya."

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopewa mwaka huu.

Tukaruka. Niliyoyaona kule juu sitayaandika leo. Tulipogeuka juu ya daraja, upepo kutoka milimani ulitupiga ubavuni, nikasikia mlio kushoto, kama mtu aliyekata uzi kwa meno, ila uzi wa jitu. Waya mmoja ulikuwa unachapa bawa kama mjeledi. Kisha wa pili. Bawa la juu likaanza kupumua, linapanda na kushuka peke yake. Nguzo fupi ikachomoka upande mmoja.

Kidirisha kikafunguka. "Bi mkubwa! Kichwa magotini! Napeleka majarubani!"

Hakupiga kelele ya hofu. Alisema kama mtu anayemwelekeza mpagazi pa kuweka mzigo. Chini kulikuwa na majaruba yamejaa maji, mpunga umeanza kupandikizwa wiki iliyopita. Aliikamata ile ndege sijui kwa kitu gani, kwa mikono, kwa miguu, kwa ile shingo. Aliibeba juu ya paa za watu, akaivusha shule, akaiweka kwenye matope. Ikateleza, ikachimba pua, ikapinduka.

Nilikuwa nananing'inia kwenye mkanda, maji yanaingia puani. Wanawake waliokuwa wakipandikiza ndio walionitoa. Nagami walimtoa baadaye. Miguu yake yote miwili ilikuwa imeelekea mahali ambapo miguu haielekei.

Mume wangu akaja akikimbia kwenye tope, koti la mkia limechafuka, kiatu kimoja hana. Nilimngoja. Nilitaka, nisiseme uongo, nilitaka aje kwangu. Akanipita. Akaenda kwenye bawa la kushoto, akapiga magoti, akaanza kutafuta matopeni kwa mikono miwili. Nilidhani amepagawa. Alikuwa anaitafuta ile nguzo.

Jumanne, 3 Julai

Oshige ameniambia anayoyasikia sokoni: rubani alikuwa amelewa. Mume wangu ndivyo alivyowaambia polisi, na meya amethibitisha kuwa alinuka sake. Alinuka, ndiyo! Wote walinuka. Ilikuwa sake yangu.

Leo amekuja kuketi karibu na godoro langu, ameleta pichi zilizomenywa. Alimenya mwenyewe, vibaya.

"Mkaguzi wa ndege atakuja kutoka Tokyo. Atakuuliza."

"Nitamjibu."

"Utasema hukuona kitu. Ulikuwa kibandani, umeinama. Ni kweli uliinama."

"Na Nagami?"

"Mama Yasuyo, fikiri. Nagami hana nyumba, hana mke, hana mtu. Wakimnyang'anya leseni atauza samaki, ataendesha lori. Sisi tuna jina."

"Jina la nani?"

"La baba yako," akasema.

Alisema kwa upole, na hapo ndipo nilipomchukia. Kwa kuwa ni kweli. Wakijua, benki itatuacha, kijana wa Sogabe ataoa kwingine, na chapa ya Ochi itachekwa katika kila duka kutoka hapa mpaka Imabari. Nilikula pichi. Nilifikiri kutwa nzima, na sehemu kubwa ya kutwa hiyo nilikuwa upande wake.

Alhamisi, 5 Julai

Mvua. Nimekwenda kwa riksho, gari la kuvutwa na mtu, nyumbani kwa daktari kumwona Nagami. Amelazwa chumba cha nyuma, miguu yote ndani ya plasta, na kofia ya ngozi kichwani.

"Bi mkubwa! Umekuja bila ume?"

Nilikuwa nazo. Sikutaka azione haraka hivyo.

"Wanasema ulikuwa umelewa," nikamwambia.

"Mimi ni mlevi, hilo halina ubishi. Waulize wenye vilabu kuanzia Kobe. Lakini siku ya kuruka sinywi. Siku ile nilikunywa vikombe viwili alivyonijazia bosi, mbele ya kuhani. Ningekataa baraka?"

"Umwambie mkaguzi."

"Nitamwambia. Ataandika: rubani amekiri kunywa." Akacheka, plasta ikamuuma. "Unajua kinachoniudhi? Nilifanya kazi nzuri siku ile. Kazi nzuri sana. Tangu nianze kuruka sijashusha ndege iliyokufa vizuri kiasi kile, na hakuna aliyeiona isipokuwa wewe, nawe ulikuwa na kichwa magotini."

Hakuniomba chochote. Nilingoja aniombe ili niweze kumdharau, hakuomba. Akala ume zake, mbegu akazipanga juu ya plasta.

Jumapili, 8 Julai

Mvua. Nilisikia randa ghalani, siku ya mapumziko ya maseremala. Nikaenda kwa miguu mitupu.

Mabaki ya Hibari yamelazwa sakafuni kama samaki aliyeliwa. Mume wangu alikuwa amepiga magoti katikati, mikono ya kimono amejifunga kwa kamba, anachonga. Amechonga nguzo mpya, sawa kabisa na ile ya kulia. Amechonga vizuri, nilikuwa sijui anaweza. Kisha akaivunja gotini kwa makini, mahali alipotaka, akachota tope kwenye ndoo, akaipaka, akaisugua kwa kitambaa, akaitazama kwenye mwanga, akaipaka tena.

Ile fupi iliyotoka majarubani ilikuwa tayari kwenye jiko la mkaa, inawaka.

Kwa miezi yote hii mume wangu hajaunda kitu ambacho hakukinakili. Leo ameunda kimoja cha kwake mwenyewe, na ni uongo.

Alinigundua nimesimama. Hakushtuka. Aliniangalia kama mtoto aliyemaliza kazi ya shule, anangoja alama.

Jumatano, 11 Julai

Mkaguzi ni Bwana Kuroiwa, mtu mkavu mwenye mwavuli mkuukuu na mafua. Alipiga chafya juu ya kila kitu ghalani. Alipima nguzo za mabaki: kulia, kushoto. Sawa. Akaandika. Mume wangu akamletea chai.

"Kwa hiyo upande wa mashine sioni tatizo la vipimo," mkaguzi akasema. "Nasikia rubani alikunywa. Mama, wewe ulikuwa ndani. Uliona nini?"

Yasuyo alikuwa ameketi nyuma yangu. Tangu ajali ndiye anayenichana nywele, kwa kuwa mkono mmoja hautoshi, na hatujasemezana kuhusu jambo lolote. Nilihisi kitana kikisimama kichwani.

"Niliona waya za kushoto zikikatika," nikasema. "Nguzo ya kushoto ilikuwa fupi kwa upana wa kidole gumba. Nilipima kwa ukanda wangu. Hiyo uliyoipima imechongwa Jumapili."

"Bibi ameumia kichwa," mume wangu akasema.

"Mtulinga," nikamwambia. "Kichwa kizima. Bwana Kuroiwa, ndege ya Kiingereza iliyonakiliwa iko nyuma ya pazia lile. Ipime."

Mume wangu alikuwa ameshughulika na Hibari tu. Ile ya Kiingereza ilikuwa pale pale, safi, imefutwa vumbi kila siku, hajaigusa hata kwa msumari. Mkaguzi akapima. Akapima tena. Akaona na kiraka, akarudi kwenye mabaki, akakiona kiraka pacha wake. Akapiga chafya.

"Bwana Ochi," akasema, "hapa asilia ni fupi, nakala ni sawa. Kila kitu kingine umenakili, mpaka kiraka. Nguzo hii moja uliisahihisha?"

Ilikuwa njia ya kutokea, nami niliiona, na mkaguzi aliiona. Neno moja tu: ndiyo. Mume wangu akafungua mdomo. Nikamwona anajaribu. Lakini alikuwa ameulizwa kama aliwarekebisha Waingereza, na uso wake ukawa wa mtu aliyetukaniwa mama.

"Ningethubutuje?" akasema.

Kisha akasikia alichosema. Akakaa chini sakafuni, pale pale kwenye maranda ya mbao.

Mkaguzi alipomaliza kuandika aliniinamia, mimi na wala si yeye, akachukua mwavuli. Nyuma yangu kitana kikaanza kutembea tena, polepole.

Alhamisi, 12 Julai

Mvua. Mume wangu hakula.

Ijumaa, 13 Julai

Amekula.

Jumatatu, 16 Julai

Benki imesema maneno yake: inataka fedha zake. Ile ya Kiingereza itauzwa Osaka, na mashamba ya bondeni pia. Ghala na chapa vimebaki, kwa sasa. Kijana wa Sogabe amerudi Osaka bila kuaga. Nilimtazama Yasuyo aliposomewa habari. Akasema, "Alikuwa na mikono ya baridi," akaendelea kukunja nguo. Sijui kama amenisamehe. Sitamuuliza.

Jumatano, 18 Julai

Mvua zimekwisha. Ngurumo moja jana mchana, ndiyo ya kufunga msimu, na leo nyenze wanapiga kelele tangu alfajiri.

Nagami ameondoka na leseni yake mfukoni na magongo mawili. Mguu mmoja utakuwa mfupi. Alisema hilo mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa. Nilimpa mtungi mzima na chupa mbili. "Unanifukuza vizuri, Bi mkubwa," akasema. Ni mtu mchafu, mwongo wa mabinti wa Siam, na atakufa kwa pombe. Nilisimama kituoni mpaka treni ikapotea, na jua lilikuwa linanichoma.

Niliporudi mume wangu alikuwa verandani, miwani kapangusa kaiweka pembeni. Bila miwani ana macho ya mtoto wa mwalimu.

"Kikue," akasema. "Kulikuwaje kule juu?"

Sikuelewa kwanza. Kisha nikakumbuka kuwa hajawahi kupanda. Ameiota, amenunua, amefumua, amechonga, amedanganya, na hajawahi kuruka hata urefu wa ua huu.

"Uliona nini?" akauliza tena. Hakuuliza kwa hila. Alikuwa anataka kujua tu.

Niliona majaruba yote ya bonde yameshika anga, kila moja kipande chake, na wanawake wakiinua nyuso zao, kofia zao kama punje. Niliona bahari imelala na visiwa vyake vyote mara moja, ile bahari ambayo maisha yangu yote nimeiona kwa kipande kati ya paa mbili. Mlima Ishizuchi ulikuwa karibu kiasi cha kutaka kuusemesha. Mwili wangu ulikuwa hauna uzito wala jina la mtu. Nilifungua mdomo pale kibandani peke yangu, nikacheka kwa sauti. Kisha waya ukakatika.

"Niliona paa la ghala," nikamwambia. "Upande wa kaskazini vigae vimeondoka."

"Vingi?"

"Vingi."

Akatikisa kichwa taratibu, akavaa miwani. Kisha akaenda kutafuta ngazi.